“Fungua kwa Laptopu”: Jibu la Kitajiri Lililomwacha Shabiki Nje ya Ukumbi

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, juzi kati kazindua websaiti yake mpya na mitandao ikachafuka. Kilichosambaa Instagram ni kipande kifupi cha video kilichorekodiwa kwenye skrini ya laptopu. Mshale unapita taratibu juu ya picha ya jamaa akiwa na miwani myeusi, mara paap! Picha inapinduka na jina la wimbo linachomoza kwa rangi ya dhahabu. Mshale unasogea picha nyingine, moshi unapanda, halafu kitufe cha tiketi kinaibuka kama jini limetoka kwenye chupa. Chini ya video machawa wakampa maua yake: “Hizi ni levo za mbele”, “Wenzake bado wako na linki ya kwenye bayo, mfalme kajenga kasri.”

Sawa, kasri limejengwa. Swali ni moja tu: mlango uko wapi?

Maana wakati sifa zinamwagika, huko Mwananyamala kulikuwa na binti mmoja msusi aliyekuwa ametenga elfu 60 ya tiketi mbili, moja yake na moja ya mdogo wake aliyetoka kumaliza kidato cha nne. Laptopu hana. Ana simu yenye ufa kwenye kona ya kioo na bando la wiki ambalo siku ya tano tayari linahema. Akafungua websaiti. Akaona picha sita za staa. Basi. Hakuna neno “tiketi”, hakuna bei, hakuna tarehe. Akagusa picha ya kwanza, jina la wimbo likatokea na kuganda palepale. Akagusa tena, akatupwa kwenye video nzito iliyoanza kutafuna bando. Akarudi nyuma. Picha ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa na tiketi, hakuigusa kabisa, kwa sababu hakuna kitu chochote kilichomwambia kwamba ile ilikuwa tofauti na zile nyingine tano.

Akaamua kuuliza kwenye komenti, kwa adabu zote: “Samahani kaka, tiketi zinanunuliwa wapi? Kwenye simu naona picha tu.”

Kijana aliyeitengeneza websaiti, naye jina kapuni, akajibu ndani ya dakika chache: “Dada’angu, fungua kwa laptopu uone kazi.”

Uone kazi! Mtu anataka tiketi, anaambiwa aone kazi.

Kilichofuata, mtu yeyote wa mjini anaweza kukimalizia mwenyewe. Akaunti moja yenye picha ya staa ikamfuata binti kwenye meseji: “Pole mpendwa, tiketi zipo, tuma hela kwenye namba hii.” Hela ikatumwa. Akaunti ikayeyuka. Siku ya shoo binti alikuwa kwao, na mdogo wake akaiangalia shoo kwenye status za watu wengine, vipande vya sekunde thelathini thelathini.

Tapeli ni mwizi na dhambi yake ni yake mwenyewe. Lakini tapeli hafanyi biashara mahali penye dirisha la tiketi linaloonekana. Anafanya biashara mahali ambapo watu wanazunguka wakiuliza “jamani, wanauzia wapi?” Na aliyewazungusha watu hao ni staa, meneja wake na fundi wao, kwa ajili ya moshi.

MSHALE SIYO KIDOLE

Mbwembwe inayozungumzwa hapa mafundi wanaiita hova. Ni ile hali ya linki, kitufe au picha kubadilika pale mshale wa kipanya unapopita juu yake, kabla mtu hajabonyeza. Siyo kitu kipya. Kipanya chenyewe Mmarekani Douglas Engelbart alikionyesha hadharani kule San Francisco mwaka 1968. Websaiti ya kwanza duniani, kazi ya Mwingereza Tim Berners-Lee akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, ilifunguliwa kwa watu wa nje mwaka 1991. Hova ikaingizwa rasmi kwenye CSS, lugha inayotumika kupamba kurasa za intaneti, katika toleo la pili lililotoka mwaka 1998. Enzi hizo ukiingia intaneti umekaa kwenye kiti, kompyuta iko mezani na kipanya kiko mkononi. Hova ilikuwa na akili kabisa.

Mwaka 2007 ikatoka iPhone, simu za Android zikafuata, na kipanya kikabaki mezani. Sasa hapa ndipo penye kiini cha kesi yote: kidole hakina uwezo wa kupita juu juu. Mshale unaweza kuelea juu ya picha bila kuibonyeza. Kidole ama kimegusa kioo, ama hakijagusa. Hatua ya katikati haipo. Kwa hiyo brauza za simu zinalazimika kubahatisha. Wakati mwingine mguso wa kwanza unachukuliwa kama hova na wa pili ndiyo unafungua linki, na wakati mwingine ile hova inaganda mpaka uguse sehemu nyingine.

Rudi kwa binti wa Mwananyamala. Jina la wimbo kutokea na kuganda, mguso wa pili kumpeleka asikotaka, yote hayo ni kitu kimoja. Hakukosea hata kidogo. Simu yake haikuwa mbovu. Alikuwa anatumia kidole kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mshale.

Na shabiki wa Bongo Fleva anaingia intaneti na nini? Panda daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni uhesabu laptopu zilizofunguliwa. Nenda saluni, nenda kijiweni kwa bodaboda, nenda foleni ya maji. Mikononi kuna simu. Staa mwenyewe alipotangaza websaiti alitangaza kupitia mtandao ambao watu wanaufungua kwenye simu, wakabonyeza linki wakiwa kwenye simu, halafu wakakaribishwa na ukurasa usiojua simu ni nini. Ni sawa na kualika watu wa Kigamboni harusini halafu ukasahau kwamba kuna bahari katikati.

HOVA SIYO DHAMBI

Kabla wapenzi wa mbwembwe hawajaanza kutoa povu: hakuna anayesema hova ifutwe. Hova iliyofanywa na mtu anayejua kazi yake ni adabu. Mgeni akipiga hodi, mwenyeji akaitikia “karibu” hata kabla mlango haujafunguka, mgeni anajua yuko nyumba sahihi na kuna mtu ndani. Hova nzuri ni lile “karibu”.

Mtu aliyeko kwenye kompyuta ya ofisini, ya steshenari au ya maabara ya chuo anafaidi sana. Linki inakolea rangi kidogo, mstari wa chini unakuwa mnene, mshale unageuka mkono, kitufe kinabadilika kivuli. Kwa lugha fupi ukurasa unamwambia: ndiyo, hiki kinabonyezeka, na ndicho ulichokilenga. Kwenye jedwali la ratiba lenye mistari ishirini iliyobanana, mstari wenye mshale ukibadilika rangi jicho halipotei. Hapo hova inafanya kazi ya maana na hakuna anayepiga kelele kwamba “kasri limejengwa”.

Tena hova nzuri haikawii. Jakob Nielsen, mmoja wa mabingwa wakubwa wa urahisi wa kutumia kompyuta, aliandika tangu mwaka 1993 kwamba jibu likija ndani ya sekunde 0.1 mtu anahisi limekuja papo hapo. Sehemu moja ya kumi ya sekunde! Moshi wa staa wetu unachukua muda mrefu kuliko huo kabla kitufe hakijaonekana vizuri, na mtu mwenye haraka mshale wake umeshahama.

Kuna hova nyingine inayoweza hata kuokoa hela, na wengi hawaijui. Ukiweka mshale juu ya linki kwenye kompyuta bila kubonyeza, brauza inakuonyesha anwani halisi ya kule unakopelekwa, kwa kawaida pale chini kwenye kona. Linki inaweza kuandikwa “tiketi halali” huku anwani yake inaelekea kwa wajanja. Kwenye simu unapata msaada kama huo kwa kubonyeza linki na kushikilia, anwani inatokea kabla hujaingia. Sasa unaambiwa websaiti nyingi za mbwembwe zinaharibu hata hilo, kwa sababu mafundi hawaweki linki ya kweli. Wanachukua picha, wanaifunga kwa programu ili ikibonyezwa iruke mahali fulani. Hapo anwani haionekani kwa mshale wala kwa kushikilia. Shabiki anaingia kichwa kichwa. Halafu kesho staa huyohuyo anaposti kwa masikitiko: “Mashabiki wangu, jihadharini na matapeli.”

Na zipo hova za kuzingua tu. Ile inayofanya herufi za linki kunenepa ghafla, maneno yanatanuka, mstari mzima unaruka na ulichokuwa unasoma kinahama. Ile inayotanua picha mpaka inafunika jirani yake. Ile menyu inayofunguka vizuri, lakini mkono ukitetemeka kidogo inajifunga na unaanza upya kama mtu anayejaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano ndani ya basi.

Mkono kutetemeka siyo utani. Wapo watu ambao kipanya hawakiwezi na wanatembea kwenye ukurasa kwa kitufe cha Tab. Wapo wasioona wanaosomewa ukurasa kwa sauti. Hova iliyowekwa kwa ajili ya mshale peke yake, kwao haipo kabisa, na kilichofichwa ndani yake kimefichwa moja kwa moja. Ndiyo maana W3C, taasisi ya kimataifa inayoweka viwango vya intaneti, iliandika kanuni kabisa mwaka 2018: kitu kinachojitokeza kwa hova lazima mtu aweze kukifunga bila kuhamisha mshale, aweze kupeleka mshale juu yake bila kitu hicho kutoweka, na kibaki mpaka yeye mwenyewe aondoke au akifunge. Mwaka 2023 ikaongeza kwamba sehemu ya kubonyeza isiwe chini ya pikseli 24 kwa 24, ukiacha mazingira machache maalumu. Kanuni hizo zinasomwa bure. Moshi ndiyo uliolipiwa.

“LAKINI STAA ANAUZA NDOTO”

Hapa ndipo utetezi unapoanza, na usikilizwe kwa haki.

Wa kwanza anasema websaiti ya msanii siyo ofisi ya serikali, ni sanaa. Linki ya bluu yenye mstari chini ni ushamba, brandi kubwa inahitaji mshangao. Sawa. Ila huyu staa anajua ukumbi kuliko mtu yeyote. Kwenye shoo kuna taa za jukwaani zinazozunguka, zinazima, zinawaka, moshi unapulizwa, watu wanapagawa. Halafu kuna taa moja pale mlangoni kwenye dirisha la tiketi, nyeupe, haizunguki, haizimi. Hakuna promota mwenye akili timamu anayepeleka moshi kwenye dirisha la tiketi. Mshangao ni wa yule aliyeshaingia ndani. Anayetafuta mlango anahitaji mlango.

Wa pili ni mkweli zaidi. Anasema websaiti ile haikutengenezwa kwa ajili ya mashabiki, ilitengenezwa kwa ajili ya wadhamini. Wale wanakaa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi, wanafungua laptopu, wanaona moshi, wanasaini mkataba. Hapo sasa ukweli umetoka hadharani. Lakini mdhamini ananunua nini kwa msanii? Moshi anao wa kwake. Ananunua watu. Ananunua wale wasusi, wauza mitumba, wanafunzi na makonda ambao staa akisema neno moja wanajaa uwanjani. Ukiwafukuza hao mlangoni ili umfurahishe mdhamini, umemuuzia mdhamini duka lililofungwa.

Wa tatu anamtetea yule kijana fundi, na huyu kidogo ana hoja. Fundi anajua kazi. Lakini siku ya kuonyesha kazi kikao kilikuwa cha skrini kubwa ukutani na laptopu mezani. Meneja hakuuliza “kwenye simu inakuaje?” Aliuliza “huo moshi hauwezi kuongezeka?” Aliyelipwa kwa moshi ataleta moshi. Wanaojifunza kutengeneza websaiti mjini wanaliona hili kila siku: kazi inayoonekana kwenye video ya Instagram inasifiwa, kazi inayomfikisha mtu kwenye tiketi haiposti mtu. Kwa hiyo lawama haiwezi kumwishia fundi peke yake. Ila lile jibu la “fungua kwa laptopu” lilikuwa lake mwenyewe, hakutumwa na meneja. Mteja akikuambia mlango hauonekani, humwambii akanunue macho mengine.

Na machawa nao wasijifiche. Watu mia wameandika “kali sana” chini ya video bila kufungua websaiti yenyewe hata mara moja. Mmoja tu angefungua kwenye simu yake, akasema “bro, sioni tiketi”, kwa jina lake kubwa angesikilizwa. Aliyesema hivyo alikuwa msusi wa Mwananyamala, na hakuna aliyemsikiliza.

KAZI YA MCHANA MMOJA

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kurekebisha hakuhitaji bajeti mpya.

Neno “Tiketi” liandikwe. Kwa maandishi, juu kabisa, kwenye kitufe kinachoonekana bila kuguswa na mtu yeyote, kikiwa kikubwa cha kutosha kidole gumba. Chini yake tarehe, mahali na bei. Kitu chochote ambacho mtu lazima akijue kisikae ndani ya hova. Hiyo ndiyo sheria namba moja, na mtu akiishika hiyo tu, nusu ya matatizo yameisha.

Halafu moshi, kama lazima uwepo, uwekwe kama nyongeza. CSS ya siku hizi ina sharti ambalo fundi anaweza kuliandika kwa mistari michache: kama kifaa kina uwezo wa hova, weka mbwembwe, kama ni kidole, acha. Simu ipewe adabu yake inayoifaa, yaani kitufe kibadilike rangi pale kidole kinapokigusa, ili mtu ajue amesikika. Anayetumia Tab naye apate mwitikio uleule anaoupata mwenye mshale. Na linki iwe linki ya kweli, anwani yake ionekane, ili shabiki aweze kuitofautisha na ya tapeli.

Mwisho kuna jaribio ambalo halihitaji utaalamu. Chukua simu ya bei ya chini, siyo ya meneja. Mkabidhi mlinzi wa getini pale studio, au mama ntilie anayeleta chakula mchana. Mwambie kwa heshima, “Mama, naomba uninunulie tiketi humu.” Kisha funga mdomo. Usimwelekeze, usimnong’oneze “hapo juu mama”. Tazama kidole chake. Kikianza kutangatanga kama mtu anayetafuta swichi gizani, basi websaiti haijaisha, hata kama machawa wameshaandika kwamba ni levo za mbele.

Staa wetu tangu siku ile hajasema neno. Video ya laptopu bado iko juu ya ukurasa wake, na sifa zinaendelea. Juzi kaposti tena picha akiwa amefumba macho jukwaani, maelezo yake: “Bila nyinyi mashabiki mimi si kitu.” Maneno mazuri. Msusi wa Mwananyamala kaipita posti hiyo bila kugusa lolote, kwa sababu kila alipogusa kitu cha staa huyo, hakikufunguka.

Elfu 60 haijarudi. Mdogo wake kaambiwa shoo nyingine ipo mwakani.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Websaiti gani ya staa, ya duka au ya chuo imewahi kukuzungusha mpaka bando likakata? Majina weka kapuni, kisa mwaga chote hapo chini. Na kabla hujamtetea mtu yeyote, ifungue kwanza websaiti yake kwenye simu.